Taa ya Chumba cha Mbele

Nyumbani kwetu Kilole mama ndiye aliyepanga taa. Jikoni ulitosha moto wa kuni, chumbani kwao kiliwaka kibatari, na chumba cha mbele, kinachotazama barabara, alitaka kiwe giza tupu.

Baba, mbishi yule, akanunua taa ya chemni dukani Korogwe, akaitundika huko huko mbele, eti mgeni asijikwae.

“Baba watoto, mgeni gani wakati huu wa vita?” mama alifoka.

Jioni ile ile askari wa Wajerumani walipita wakisaka wapagazi. Majirani wote walikuwa wamezima taa, kwa hiyo walikuja kwetu moja kwa moja. Wakamfunga baba kamba shingoni, kisha wakamshikisha taa yake awamulikie njia ya kwenda kwa majirani.