Kitasa Nilichomfungia Mama

Mkasa huu sijawahi kuusimulia wote, hata kwa mke wangu (na yeye alikuwepo, alisimama nyuma yangu na shada la maua mkononi), kwa hiyo mkinicheka mcheke taratibu, maana aibu yenyewe haijapoa. Mimi ndiye yule mtoto wa Bahi aliyemweka mama yake mzazi juani, ndani ya jeneza, nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, kwa zaidi ya saa nzima, kwa sababu ya ufunguo.

Nianze na kitasa. Mwaka juzi betri ya sola ya mama ilipotea, na mimi badala ya kuuliza nikaamua. Aliyekuwa anaingia mle kila siku ni mmoja tu, Mama Nyemo, jirani yetu, aliyekuja asubuhi kumwashia mama moto kwa kuwa macho ya mama yalishaanza kuingia ukungu. Sikumwita mwizi, hapana, mimi mtu wa ofisini, tuna namna zetu. Nilinunua vitasa viwili Dodoma mjini, vile vya hali ya juu, nikaja na fundi, kimoja mlango wa mbele na kimoja wa uani, vyote vinatumia ufunguo mmoja, na fundi alipokuwa anakaza skrubu nikasimama uani nikamwambia mama kwa sauti ya kufika hadi kwa jirani, "Kuanzia leo ufunguo unao wewe na ninao mimi, basi." Mama Nyemo alikuwa kwake anapepeta mchele, na hakuinua kichwa.

Halafu nikaanza kuringa. Mtu akija kumsalimia mama namvuta mlangoni nimpe somo, yote niliyoambiwa na muuzaji: kwamba ufunguo huu hauna meno kama ya funguo zenu, una vishimo ubavuni, na kila kishimo kinainua pini moja hadi kimo chake, isizidi wala isipungue hata unywele, na ndani ya pini nyingine kuna pini ndogo zaidi, na hata zote zikikaa sawa bado kuna kipau cha pembeni kinachokaza mpaka nacho kipate nafasi yake, na ukileta drili utakutana na chuma kigumu kitakachokula ncha yako. Na juu ya yote, kwenye ufunguo wenyewe kumepachikwa kapunje ka chuma kanakocheza, kanakosukuma pini ya mwisho kabisa, na hako hakachongwi mtaani, mpaka uende kwa wenyewe na kadi yako. Mama alikuwa ananisikiliza huku akiupapasa ufunguo kwa kidole gumba. "Kweli kanacheza," alisema, "kama punje ya mtama kwenye ungo."

Sasa mtu anayejua yote hayo alifanya nini? Alipeleka ufunguo wake kwa mchonga funguo wa barabarani pale Majengo. (Niliogopa kuupoteza ule halisi, nikaufungia kwenye droo ya ofisini pamoja na kadi yake.) Mchongaji akavichimba vishimo vyote, akaupuliza, akasema, "Hakuna ufunguo ulionishinda, bosi." Nilipofika Bahi nikampa mama aushike. Akaugeuza huku na huku, akasema, "Huu wako hauna kapunje." Nikamwambia kale ni urembo tu wa wazungu, nikaurudisha mfukoni bila kuujaribu, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na chai ilikuwa tayari.

Miezi michache baadaye mama alianguka jikoni alfajiri. Mama Nyemo ndiye aliyemkuta sakafuni, akatafuta gari, akamleta hospitali mjini na kukaa naye mpaka nilipofika. Mama alilazwa siku tisa. Siku ya saba alinishika mkono akasema, "Nikiondoka, Yohana, msinipitilize makaburini. Niingizeni ndani, nilale kidogo chumbani kwangu, ndipo mnitoe." Nikasema nimesikia, mama. Hilo tu ndilo aliloniomba.

Msiba tuliuweka kwangu mjini, kisha tukasafirisha mwili kwenda Bahi. Kule nyumba ilikuwa imefungwa tangu alipoanguka, ufunguo wake ukiwa ndani, na ndugu waliotangulia walikaa chini ya turubai na kulala kwa Mama Nyemo wakinisubiri mimi, mwenye ufunguo. Tulipofika Kigwe, njiani, nikapapasa mfuko wa koti nikagundua kwamba nimebeba ule wa Majengo. Ningesema tusimame, nirudi ofisini mara moja, wala hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nyuma yetu kulikuwa na msafara mzima, na niliona haya kusimamisha gari la maiti kwa ajili ya ufunguo, nikajiambia vishimo si ni vilevile, nikanyamaza.

Jeneza likashushwa, kwaya ikaanza kuimba, nikatangulia mlangoni na suti yangu. Ufunguo ukaingia vizuri kabisa, laini, nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Nikazungusha, haukuzunguka. Nikautoa, nikaufuta kwa tai, nikaurudisha. Mjomba wangu Lazaro, mdogo wake mama, akanong'ona, "Taratibu, usilazimishe." Nikalazimisha. Ukakatika, nikabaki na kichwa chake mkononi mbele ya watu wote wale, na waliobeba jeneza wakauliza waliweke wapi.

Liliwekwa barazani, pasipo paa, juu ya mabenchi mawili, na akina mama wa kanisa wakalitandia kanga juu wakizishika ncha, wapate kumwekea kivuli. Madirishani kulikuwa na nondo (nani aliziweka? mimi). Mjomba akazunguka uani, akausukuma mlango wa nyuma, akarudi akitikisa kichwa, nikamwambia asijisumbue, ni kitasa hichohicho. Akaitwa fundi wa welding na drili yake. Ncha ya kwanza ikalia ikakatika, ya pili ikakatika, akanigeukia akauliza, "Kaka, humu mmeweka nini?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kumweleza habari za chuma kigumu na kipau cha pembeni, mpaka nikasikia sauti yangu mwenyewe nikanyamaza.

Kwaya ilimaliza nyimbo zake, ikarudia ule wa kwanza. Mjomba Lazaro akasema, si kwa ukali, "Dada yangu alijenga nyumba hii kwa mpunga wake. Leo anapigishwa hodi." Mchungaji akanisogelea akapendekeza tumuage hapohapo nje, Mungu anaelewa. Nikaketi kwenye ngazi nikalia kama mtoto, maana mama aliomba jambo moja.

Ndipo Mama Nyemo akaja kutoka kwenye masufuria, mikono ina unga, akainama sikioni kwangu.

"Yohana. Mlango wa uani."

"Nao una kitasa, mama."

"Kipo. Hajawahi kukifunga."

Nikamtazama. Nikamuuliza kwa nini hakusema muda wote huu.

"Ningesema, ungeniuliza nimejuaje."

Alinipeleka nyuma. Chini ya kitasa changu, kwenye tundu la ubao, palichungulia ncha ya utepe wa kanga, na alipouvuta, kipande cha mti kilichokuwa komeo kikainuka kwa ndani na mlango ukafunguka wenyewe. Jikoni kulikuwa na vigoda viwili na vikombe viwili vimefunikwa. Kila jioni nilikuwa nampigia mama, "Umefunga?" na kila jioni alinijibu, "Nimefunga, baba." Na niliposimama pale ndipo nilipokumbuka kwamba nilishaambiwa alikutwa sakafuni alfajiri, na kwa siku zote tisa za hospitali sikujiuliza hata mara moja aliyemkuta aliingiaje. Angenitii, angekufa peke yake pale chini, nisimuage.

Tulimpitisha mama jikoni, jeneza likikwaruza mafiga, tukamlaza chumbani kwake kama alivyotaka. Nilimwambia Mama Nyemo nisamehe, mbele ya mjomba na mchungaji, akasema, "Mzike kwanza mama yako."

Betri sijui ilikwenda wapi, na siulizi tena. Kitasa cha mbele bado kipo, kipande cha ufunguo kimenasa humo humo. Cha uani nimekitoa, nimeacha utepe. Nimebakiwa na mama mkwe tu, anaishi peke yake Kikuyu, hapahapa Dodoma mjini, na kila jioni nampigia simu. Shikamoo, marahaba, halafu ulimi unataka kuuliza lile swali, nalimeza. Namuuliza, "Mama, leo nani kaingia?"