Peni Niliyoisugua kwa Limau

Mtoto mgongoni, nilisimama kwenye duka la sarafu za zamani hapa Stockholm, nimeapa sitoki bila nauli ya mama aje amwone mjukuu. Muuzaji akaiweka peni, sarafu ya Kiingereza ya marehemu babu, chini ya lenzi.

"Malkia akiwa kijana. Shaba tupu." Kisha akaigeuza. "Umeisafisha?"

"Kwa limau na chumvi! Ningekuletea uchafu?"

"Ile rangi ya kahawia ndiyo bei yenyewe," akasema, akinirudishia.

Sikuondoka. Nikatoa peni ya pili ya babu, nyeusi tii, maana limau lilikuwa limeisha. Akaitazama, akanivutia kiti.

Mama anakuja. Wenzangu, sufuria tusugue, urithi tuuache na weusi wake.