Kanuni Niliyomficha Sabina

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua, mwanangu, nikiwa mwalimu kijana wa Kiingereza katika shule moja ya bweni nje kidogo ya mji wa Songea, nilimfundisha mwenzangu mchezo, kisha nikamwibia. Sikumwibia kitu cha kushikika. Nitakueleza, maana nasikia nawe umeanza kukusanya visanamu vya mashujaa, na umeniomba nikuonyeshe pa kuanzia.

Mchezo ule niliachiwa na mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, muda wake ulipoisha. Aliniachia sanduku la visanamu vya plastiki, kila kimoja urefu wa kidole: mashujaa wenye mabawa, wenye ngumi za chuma, wenye kurusha moto kwa macho. Kila shujaa husimama juu ya kitako cha duara. Akipigwa, unakizungusha kitako, na namba kwenye kidirisha chake zinabadilika. Mara nyingi nguvu zinashuka, mpaka anatoka mchezoni. Kuna dadu mbili, kuna ramani ya miraba iliyochorwa mitaa na kuta, na kuna kitabu cha kanuni, chote Kiingereza. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Nilikaa na sanduku lile miezi mingi sina wa kucheza naye. Walimu wenzangu walisema ni midoli ya watoto.

Aliyekubali ni Sabina, mpishi wa shule, binti wa kijiji cha Mpitimbi, rika langu. Aliishia darasa la saba kwa sababu baba yake aliugua na shamba likabaki mikononi mwake. Sasa alikuwa akijisomea ili afanye QT, ule mtihani wa watu wazima wanaotaka kuendelea na sekondari. Daftari lake lilikaa jikoni juu ya gunia la maharage, lina madoa ya mafuta. Aliniambia, "Mwalimu, nifundishe na mimi. Labda Kiingereza kitaniingia kwa njia hiyo."

Tulichezea bwaloni baada ya chakula cha mchana, mvua ikipiga bati. Nilimfasiria kanuni moja baada ya nyingine. Mojawapo ilisema kwamba aliye nyuma ya ukuta halengwi kutoka mbali. Sabina aliishika hiyo upesi kuliko nilivyoishika mimi. Aliwapitisha mashujaa wake nyuma ya kuta, mmoja mmoja, bila haraka, akaja kuwatokeza ubavuni mwa wangu, akawamaliza wote. Alifurahi sana, akaomba turudie wiki ijayo.

Mimi nilitabasamu kwa meno tu. Nikuambie jambo ambalo hata padri sikumwambia kwa muda mrefu: niliona aibu kushindwa na mpishi.

Jumamosi iliyofuata nilifungua kitabu mbele yake, nikaweka kidole kwenye mstari wowote tu, nikasema, "Sabina, wiki ile tulikosea. Ukuta ni pambo la ramani. Hauzuii kitu."

Aliinamia ukurasa ule asioweza kuusoma. "Haya, Mwalimu. Wewe ndiye unayejua."

Kisha nikachukua upande wangu wale wanaopiga kutoka mbali, nikamwachia wa ngumi. Hakunishinda tena.

Wiki baada ya wiki mashujaa wake waliishia njiani. Alijaribu kuwatawanya, akajaribu kuwakusanya, akachora mipango nyuma ya daftari la hesabu. Siku moja nilimkuta anahesabu miraba kwa kijiti cha kuni, midomo ikicheza kama mtu anayesali. Ningeweza kusema siku ile. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wazee, lakini yangu niliiona ndefu na nyororo kwa sababu hapakuwa na wa kunihoji.

Mwishowe, akirudisha visanamu sandukuni, alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nadhani kichwa changu kimefunga. Siku ya kwanza nilibahatisha. Hata hesabu ni hivyo hivyo, nasoma, hazikai."

Nikamwambia asikate tamaa. Hebu fikiria, mwanangu. Nilithubutu kumfariji.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nilikwenda jikoni, nikamkuta Mama Haule, mpishi mkuu, mama mtu mzima ambaye hakupata kusoma hata darasa moja, anachambua mchele.

"Shikamoo, Mama. Sabina yuko wapi?"

"Marahaba. Amerudi kwao jana. Jina la mtihani hakulipeleka, na siku ya mwisho imepita. Daftari amesema tuwashie moto." Alitoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa. "Alikuwa akinichorea huo mchezo wenu hapa sakafuni kwa mkaa, nimsaidie kufikiri. Nikamwuliza, ukuta usiozuia kitu umechorwa wa nini? Akasema kitabu ndivyo kisemavyo. Kinasema hivyo, Mwalimu?"

Nikainamisha macho kwenye ungo wake.

"Asiyejua akikuamini, amekukabidhi macho yake," alisema, bila kupaza sauti. "Wewe umeyatia mchanga."

Mpaka leo sauti ile ninayo.

Nilikawia hadi mavuno kupata ujasiri. Nikapanda lori lililokuwa linakwenda kubeba mahindi Mpitimbi, nikamkuta Sabina uani kwao anapukuchua. Nikamweleza yote. Mikono yake ilisimama.

"Kwa hiyo siku ile ya kwanza nilishinda kweli?"

"Ulishinda kweli."

Alitazama punje zilizokuwa mapajani mwake. Kisha akasema, "Ningejua." Baadaye akanikaribisha chakula, tukala. Nilimsihi arudi mwaka ujao, nikaahidi kumfundisha mwenyewe kila jioni. Akasema amesikia. Hakurudi.

Majuto ni mjukuu, na Sabina sasa ana wajukuu. Tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri, ananiulizia wanangu kwa majina. Hajawahi kunitupia neno baya. Wala hajawahi tena kuniuliza swali lolote la kitabu.

Basi, mwanangu, pa kuanzia ni hapa. Usianze kwa kuwinda visanamu adimu, vichache vinatosha. Tafuta kwanza mwenzako, kisha someni kanuni zote kwa sauti, na asiyejua Kiingereza umfasirie mpaka neno la mwisho, hata lile litakalokufanya wewe ushindwe. Mgeni wa mchezo achague mashujaa kabla yako. Akikosea, mrudishe asogeze upya. Akikushinda, mwambie wazi kwamba amekushinda, maana huwezi kujua neno hilo atakwenda kuliegemea wapi katika maisha yake. Na kama umeshamdanganya mtu, nenda leo. Usingoje mavuno kama mimi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini tope lake bado linaweza kufutwa kabla halijakauka.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe akili ya kushinda bila kumdhulumu mtu, na moyo wa kushindwa bila kinyongo. Watakaojifunza kwako wainuke na kukupita, nawe uishi uwaone.