Aljebra ya Dada Zuwena

Enzi zetu Maskati, mtoto wa kike hana skuli ya kwenda. Tulipofika kutoka Unguja, mwaka ule wa sitini na nne, mimi nna miaka tisa, dada yangu Zuwena kumi na tano, na kule alikuwa keshaanza aljebra. Hapa tukakuta joto, maji ya kisima na unga wa kukanda. Mama akatwambia tushukuru tuko hai, masomo baadaye.

Zuwena hakukubali. Kila baada ya alasiri mlango wa stoo ukawa ubao, mkaa ukawa chaki, na mikono yetu inanuka samaki tunafanya polinomia. Hata alipoolewa, nyumba ya pili tu kutoka kwetu, hakuacha. Nnakumbuka alivyonikazania: namba iliyotangulia herufi inakwambia herufi hiyo unayo mara ngapi; kipeo kikubwa kuliko vyote ndicho kinachotoa daraja la hesabu nzima. Nikijumlisha x na x ya kipeo cha pili, hunifinya sikio, ati hao si wamoja. Miaka sita hiyo, wallahi. Watoto wa leo simu ikizima dakika sita wanalia.

Mwaka wa sabini ikafunguliwa skuli ya wasichana, tukapewa mtihani wa kupangiwa darasa. Mwalimu kaandika hesabu kwa Kiarabu, herufi ya sini badala ya x. Tarakimu zao nazijua, sini naijua tangu chuoni kwenye Kurani. Lakini hesabu ile huanzia kulia, na mimi nimefundishwa kuanzia kushoto. Yeye kaandika sini tano kutoa tatu, mimi nasoma tatu kutoa sini tano. Kila penye kutoa nikakosa. Nikapangwa darasa la kwanza na vitoto vya miaka saba. Nililia njia nzima.

Zuwena akaitazama karatasi, akavaa buibui, akanirudisha pale pale. Akamwonesha mwalimu kosa, akazifanya hesabu zote mbele yake, kutoka kulia, bila ya kusita. Nikapewa mtihani tena, nikapata darasa la juu kabisa lililokuwepo. Ndipo dada akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi jee, Ustadhi?"

Akaulizwa kama ana mume. Anaye. Mwenye mume hapokelewi. Akashukuru, akenda zake kupika.

Mimi nilisoma, nikafanya kazi serikalini, nimestaafu, na nimechoka. Wajukuu wangu wanaokaa mtaa wa Al Khoudh wana basi la skuli na mwalimu wa kuja nyumbani, na bado aljebra wanaiita adhabu. Sina tena nguvu ya kuwagombeza. Karatasi wanazozitupa huziokota nikampelekea Zuwena, nyumbani kwake Ansab. Huzifanya zote kwa penseli, mchana kutwa, kisha huniuliza angelipangwa darasa la ngapi.