Benchi Lililodai Shikamoo

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, mtoto wa miaka minne alitutolea ulimi sote tuliokaa kwenye benchi la zahanati moja pale Ngarenaro. Katikati ya shingo alikuwa na uvimbe wa mviringo, mdogo kama gololi.

"Hiyo ni tezi. Mnakula chumvi ya mawe," alisema mzee mwenye kofia.

"TB hiyo," alisema dada mmoja, akajisogeza pembeni.

Mimi nilikuwa nimeshaiuliza simu yangu kuhusu uvimbe huo, ikanijibu saratani.

"Ni kimeo, mama, kile kinyama cha kooni," alisema bibi aliyejifunga lubega. "Kisongo kuna mzee anakata, dakika moja tu. Hapa mtapewa panadol."

Mama wa mtoto akabeba mkoba aondoke. Mtoto akatoa ulimi tena.

"Na adabu hana. Hata shikamoo hajatupa," bibi akaongeza. Mama akainua mkono ampige.

"Mwache, mama," alisema daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mwanangu, nitolee na mimi."

Ulimi ulipotoka, uvimbe ulipanda. Uliporudi, uvimbe ukashuka. Daktari akamweleza mama kwamba uvimbe unaofuata ulimi hivyo kwa kawaida ni kifuko cha majimaji ambacho mtoto huzaliwa nacho, wala si saratani. Atapigwa ultrasaundi kuhakikisha, kisha kitatolewa kwa upasuaji.

"Nilijua tu si kimeo," akasema bibi.

Mtoto alituonyesha jibu asubuhi nzima, sisi tukamdai shikamoo.

Jumanne, kabla ya kupiga mswaki, nilisimama mbele ya kioo, nikatoa ulimi wote, nikaikagua shingo yangu mpaka chai ikapoa.