Mbweha Aliyesubiri Theluji

Dada yangu Verna Bitsui hakuwahi kumaliza mwaka mahali pamoja. Alichora mabango Gallup, akapaka kuta za hoteli Flagstaff, akauzia watalii picha za farasi huko Santa Fe. Kazi zake zikianza kusifiwa tu, yeye huyoo, keshafunga brashi zake kwenye taulo. Mama alikuwa akimpakulia supu ya kondoo huku akimtania, "Kula upesi mwanangu, injini isije ikapoa."

Alipofikisha miaka hamsini, shule ya kijijini kwetu, Lukachukai, ikakosa mwalimu wa sanaa. Mimi ni mpishi pale, nikamtaja. Akaja mwezi wa tisa. Wiki mbili tu, alisema.

Siku ya kwanza aliwaonyesha watoto picha yake ya mbweha aliyeng'ang'ania blanketi.

"Kwani alifanya nini na hilo blanketi?" akauliza Shandiin, binti mmoja mwenye maswali.

"Radi bado zinanguruma, nyoka hawajalala. Hadithi hiyo ni ya theluji; kwetu ni mwiko kuisimulia nyoka wakiwa macho. Ikianguka, nitawasimulia."

(Nami siisimulii hapa. Sijui unanisoma majira gani.)

"Utakuwepo lakini?" akadakia Shandiin. "Bibi yangu anasema wewe una magurudumu miguuni."

Darasa likacheka. Verna hakucheka.

Mwezi wa kumi akapigiwa simu kutoka Albuquerque: ukuta mzima wa kuchora, kazi ya ndoto zake, aanze Jumatatu. Akaja jikoni kwangu, akawa anaizunguka meza.

"Wasimulie wewe, mdogo wangu."

"Mimi? Mbweha wangu atatoka kondoo. Si uwasimulie leo, ujiendee zako?"

"Nyoka wanisikie?"

"Basi kaa."

"Nikikaa nitaoza!"

Akatoka, akawasha gari. Nilimenya viazi ndoo nzima, gari bado linanguruma uani, haliendi mbele wala nyuma. Kisha likazimwa. Aliwapigia Albuquerque kuomba wamsubiri. Wakampa mtu mwingine ule ukuta.

Na theluji nayo ikachelewa, kama inamkomoa! Kila asubuhi Verna alisimama dirishani akiukodolea macho mlima, akisonya. Usiku nilimsikia akitembea chumbani. Ilianguka mwezi wa kumi na mbili, asubuhi, watoto wakiwa darasani. Akaingia na viatu vimelowa, akafunga mlango, akasimulia.

Alipomaliza, Shandiin akauliza, "Na baada ya hapo mbweha akafanya nini?"

Verna akavuta kiti, akaketi. Alikuwa hajaketi darasani tangu aanze.