Somo la Neutrino Kwenye Mizani ya Kahawa

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kugombea kahawa Mbinga, mimi, mwalimu wa fizikia nisiye na mtu wa kuongea naye, nilipata kwa mmoja wao kibarua cha likizo cha kupima magunia kule Kitura. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba neutrino, chembe ndogo mno kuliko hata atomu, ina uzito, na habari hiyo ilinijaa kifuani.

Basi nikamweleza Mama Komba, mkulima wa kwanza kwenye foleni: "Neutrino haikamatiki uiweke kwenye mizani. Atomu ikivunjika inatupa elektroni pamoja na neutrino. Wataalamu wanapima nishati ya zile zenye kasi kuliko zote; kile kidogo kinachokosekana ndicho kinachowaonyesha uzito wa neutrino."

"Eleza tena, Mwalimu," akasema, akiweka gunia la pili.

Foleni nzima ikataka somo. Hata darasani sijawahi kusikilizwa hivyo, nilikaribia kulia.

Mchana akafika mnunuzi mwenyewe, akaangalia miguu yangu.

"Mwalimu, kila ukianza kueleza unakanyaga mizani. Magunia yote haya yana uzito wa mguu wako!"

Nikauondoa. Nikamuuliza Mama Komba kama niendelee.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Sasa pima tu."